Balkoni ya Kigamboni na biskuti zilizobaki kwenye ndoo

Nyumba yenyewe ni ya ghorofa moja, iko Kigamboni, mahali ambapo upepo wa kusi unatoka baharini na kufika ukutani bila kukutana na kizuizi. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Aliniita, mimi mhandisi, baada ya vipande vya zege kuanza kudondoka kutoka chini ya balkoni ya mbele, na kimoja kikavunja kiti cha plastiki ambacho mjukuu wake alikuwa ametoka kukikalia. Nyumba ilikuwa na umri wa miaka 12. Huo si umri wa zege kuanza kumeguka.

Kabla yangu walikwishapita mafundi wawili wa plasta. Kila mmoja alikwangua palipomeguka, akapiga plasta ya saruji, akapaka rangi, akalipwa. Nyufa zikarudi palepale. Nilipopanda ngazi na kuzitazama kwa karibu niliziona zimenyooka, zimepangana sambamba, na kati ya ufa na ufa kuna kama milimita 200, umbali uleule ambao nondo za chini hufungwa. Plasta iliyokauka vibaya hupasuka ovyo, kila upande. Nyufa zilizonyooka namna hii, zenye madoa ya kahawia kandokando, zinatokana na nondo inayosukuma zege kutoka ndani.

Tuanze na kinachoilinda nondo, maana bila hapo kisa hiki hakieleweki. Zege jipya lina alikali kali sana, pH yake, kipimo cha asidi na alikali, ni 12.5 hadi 13, na katika hali hiyo chuma hujivika utando mwembamba unaozuia kutu. Utando huo una maadui wawili. Wa kwanza ni hewa ya ukaa, ambayo huingia polepole kupitia vitundu vya zege, ikaitafuna alikali mpaka pH inashuka chini ya 9. Wa pili ni chumvi. Yenyewe haingoji alikali iishe. Ikishafikia nondo kwa wingi wa kutosha hutoboa utando huo hata katika zege ambalo bado ni zima. Chuma kikishaanza kula kutu, kutu hiyo inataka nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilichokuwapo. Zege halina nguvu ya kuvutwa, kwa hiyo hupasuka, kisha humeguka.

Kinachoamua maadui hao watafika lini ni unene wa zege lililopo kati ya hewa ya nje na chuma. Mafundi wetu huuita kava. Hapa kuna hesabu ambayo ningependa kila anayejenga aijue: hewa ya ukaa haiingii kwa mwendo mmoja siku zote. Kina inachofikia hufuata kipeuo cha pili cha muda. Ukipunguza kava kwa nusu, muda wa kinga hauwi nusu, unakuwa robo. Ukiipunguza hadi theluthi, unabaki na sehemu moja ya tisa. Ndiyo maana milimita chache ambazo jicho halizioni siku ya kufunga nondo huja kuonekana baadaye kwa miaka mingi iliyopotea.

Pale nyumbani nilikuta maelezo matatu ya ugonjwa, kila moja na mwenyewe. Jirani alisema nondo zilikuwa feki. Fundi wa plasta wa mwisho alisema mchanga ulikuwa wa baharini. Mwalimu mwenyewe aliamini ni maji yanayopenya kwenye vigae vya balkoni wakati wa masika. Hakuna lililokuwa la kipuuzi, yote matatu huweza kuharibu jengo. Kwa hiyo sikutaka kuanza na jibu langu.

Tuligonga chini ya balkoni yote kwa nyundo ndogo na kuchora kwa chaki palipotoa sauti ya uwazi. Kisha nikapitisha kifaa cha sumaku-umeme kinachotambua nondo ndani ya zege na kupima kina chake. Mchoro wa nyumba, ambao Mwalimu alikuwa ameutunza vizuri kwenye bahasha, ulitaka kava ya milimita 25. Sehemu kubwa ya balkoni kifaa kilisoma kati ya milimita 3 na 9. Mahali pengine nondo ilikuwa imelala juu ya shata, mbao zinazoshika zege bichi, siku ya kumwaga, na kinachoifunika leo ni plasta tu.

Slabu ya sebuleni, iliyomwagwa kwa nondo zilezile na mchanga uleule, ilikuwa salama kabisa. Lakini ushahidi huo peke yake haukunitosha. Sebuleni ni pakavu, hapapigwi na kusi wala mvua, na nondo yenye kava ndogo ndani ya nyumba huweza kukaa miaka mingi bila tatizo. Kulinganisha sebule na balkoni si haki.

Jibu lilikuwa kwenye balkoni yenyewe. Upande wa kaskazini, kwa urefu wa kama mita moja na nusu, nyundo ilitoa sauti ya zege zima. Hakuna ufa, hakuna doa. Kifaa kilisoma milimita 22 hadi 26. Tukatoboa tundu dogo hapo na jingine upande mbovu. Upande mzima nondo ilikuwa na rangi yake ya kijivu kama imetoka dukani, na sentimita chache kutoka pale ikaonekana pembe ya kipande cha mraba cha saruji na mchanga chenye waya: biskuti, inayowekwa chini ya nondo ili isilale juu ya shata. Upande mbovu nondo ya milimita 10 ilikuwa imevimba kwa kutu, na ilipokwanguliwa ikabaki nyembamba kuliko penseli. Ni slabu moja, zege la siku moja, mchanga mmoja, vigae vilevile juu yake, upepo mmoja. Kilichotofautiana ni biskuti tu.

Nilipulizia dawa ya fenolftalini kwenye matundu hayo. Dawa hiyo hugeuka waridi palipo na alikali na hubaki bila rangi pale ambapo hewa ya ukaa imekwisha kufika. Sehemu isiyo na rangi ilikuwa na kina cha kama milimita 15. Sasa hesabu ya kipeuo inasema wazi. Kama miaka 12 imefikisha hewa hiyo milimita 15, basi nondo iliyokaa milimita 5 ilipoteza kinga yake mwaka mmoja na miezi kama minne baada ya kumwaga, pengine kabla Mwalimu hajahamia. Iliyokaa milimita 25 ingelindwa kwa miaka kama 33. Ingekaa milimita 40, tungezungumzia miaka 85. Chumvi ya bahari hufupisha hesabu zote hizi, lakini haibadilishi nani anaanza kufa na nani anafuata.

Tungeweza kuishia hapo: kukwangua, kusafisha, kujaza upya. Wengi huishia hapo. Mimi nilisumbuliwa na jambo jingine. Balkoni hii imechomoza mita moja na nusu kutoka ukutani na haina nguzo mbele. Slabu iliyoshikwa upande mmoja tu hubebwa na nondo za juu, kwa sababu uzito unapoivuta chini, uso wake wa juu ndio unaonyooshwa. Nondo za chini, zile zilizokuwa zinamwaga zege na kututisha, hazibebi mengi. Kama waliokuwa wanajenga hawakuweka biskuti chini, ni nini kilichokuwa kimeshikilia nondo za juu zisizame?

Tuling'oa mstari wa vigae karibu na ukuta. Chini yake palikuwa na ufa mrefu, unaofuata ukuta toka mwisho hadi mwisho, mwembamba lakini wazi. Kifaa kikatoa jibu nililoliogopa. Slabu ina unene wa milimita 150. Kwa kava ya 25 na nondo ya milimita 12, kitovu cha nondo ya juu kilitakiwa kuwa milimita 31 chini ya uso, na kutoka hapo hadi chini kabisa ya slabu kubaki milimita 119. Tulikuta kitovu kiko milimita 70 chini ya uso. Zimebaki 80. Nguvu ya slabu kubeba mzigo hupungua karibu sawasawa na kina hicho, kwa hiyo theluthi moja ya nguvu iliyopigiwa hesabu haikuwahi kuwapo tangu siku ya kwanza. Ukakamavu unaoizuia isiiname hupungua zaidi, maana hufuata kipeo cha pili cha kina hicho, na hapa ulikuwa umeshuka chini ya nusu.

Nondo hizo za juu zilikuwa safi, hazina hata chembe ya kutu, kwa kuwa zilizama mbali na hewa. Mtu anayetafuta kutu tu angeziona na kutoa pongezi. Ndiyo sababu siachi kurudia kwamba biskuti na viti vya nondo, yaani vyuma vilivyokunjwa vya kushikilia nondo za juu, vina kazi mbili. Moja ni kuilinda nondo na hewa na chumvi. Ya pili ni kuiweka mahali ambapo mhandisi alipiga hesabu kwamba itakuwepo. Nondo ikizidi kukaribia uso inaoza; ikizidi kukaa ndani, inaishi muda mrefu bila kufanya kazi yake.

Siku hiyohiyo tuliegemeza balkoni kwa miti ya kutosha, mlango wa kutokea pale ukafungwa, na pipa la maji lililokuwa pembeni likashushwa.

Fundi wa nondo wa nyumba hiyo bado anafanya kazi Kigamboni. Mwalimu alimpigia simu, naye akaja, jambo ninalomheshimu nalo, maana angeweza kuzima simu. Alitazama matundu kwa muda, kisha akasema: "Injinia, biskuti zilikuwepo. Tulitengeneza wenyewe, Mwalimu ni shahidi. Zilibaki kwenye ndoo."

Akaeleza ilivyokuwa. Slabu ya ndani ilifungwa kwa utulivu na biskuti zikawekwa. Balkoni ilifungwa mwisho, asubuhi ya siku ya kumwaga. Mikisa ya kuchanganyia zege ilikuwa imekodiwa kwa siku, vijana wa zege wamefika tangu alfajiri na wanalipwa kwa kazi nzima, wingu limetanda upande wa bahari. Alianza kupachika biskuti upande wa kaskazini. Akaitwa kwenda kurekebisha ringi zinazozunguka nondo za boriti ya ngazi. Aliporudi, zege lilikuwa limeshafika nusu ya balkoni. Msimamizi wa zege alimwambia asihofu, watakuwa wananyanyua nondo kwa ndoano kadiri wanavyomwaga.

"Sasa Mwalimu," akamgeukia, "mimi kazi yangu ni kufunga, nalipwa kwa tani. Nilifunga, nikaondoka."

Ninaamini kila neno lake, na hapa ndipo ninapoweka uzito wa kisa hiki. Fundi yule alijua biskuti ni nini, alizitengeneza kwa mikono yake, alianza kuziweka. Hakukuwa na ujinga pale. Kilichokosekana ni mwenye jukumu. Fundi wa mbao alilipwa kwa mbao zilizosimama, fundi wa nondo kwa tani iliyofungwa, vijana wa zege kwa zege lililoingia. Hakuna aliyelipwa kwa nondo iliyokaa mahali pake baada ya zege kuganda. Katika orodha ya vifaa na bei, biskuti hazikuwa na mstari wao. Kitu kisicho na mstari hakikaguliwi, na haraka ikija huwa ndicho cha kwanza kuachwa.

Ahadi ya kunyanyua kwa ndoano niizungumzie, kwa sababu naisikia kila mwezi. Haifanyi kazi. Nondo zimefungwa pamoja, ukinyanyua moja unanyanyua wavu mzima. Ukiachia inarudi chini ndani ya zege laini, na mtu wa nyuma yako anaikanyaga. Kwa nondo za juu ni vibaya zaidi. Vijana wa karai na toroli hupita juu yake siku nzima, na bila viti vya nondo hakuna cha kuzizuia zisizame. Kokoto zilizosokomezwa chini ya nondo hubiringika. Vipande vya mbao huoza na kuacha tundu. Vipande vya nondo vilivyosimamishwa juu ya shata ndivyo vinavyonikasirisha kuliko vyote, maana mguu wake hugusa hewa ya nje, huanza kula kutu mapema na kuipeleka kutu hiyo moja kwa moja kwenye wavu.

Mchoro nao haukuwa na haki ya kutoka salama. Milimita 25 kila mahali inafaa sebuleni. Kwa uso unaopigwa na hewa ya chumvi, kiwango cha Ulaya, Eurocode 2, kinataka kava isiyopungua milimita 35 kwa jengo la kawaida, na juu yake huongezwa milimita 10 za kufidia makosa ya ujenzi, jumla 45. Kwa hiyo hata upande wa kaskazini uliofanywa kwa uangalifu ungekuja kuugua, ila si katika mwaka wa 12. Kosa la mchoro lilipunguza miaka ya balkoni. Kosa la siku ya kumwaga ndilo lililokaribia kumwangukia mtoto.

Na biskuti zenyewe? Kiwango cha zamani cha Uingereza, BS 8110, ambacho wahandisi wengi wa kwetu wamelelewa nacho, kinasema biskuti za zege zisitengenezwe kwenye eneo la ujenzi. Naelewa sababu. Biskuti nyingi ninazokutana nazo zimetengenezwa jana jioni kwa chokaa iliyobaki ya kujengea tofali. Ukiikanyaga inavunjika, na ikisalimika inakuwa kipande chenye vitundu, mlango wa chumvi chini kabisa ya nondo. Hata hivyo siwezi kumwambia mtu anayejenga kidogo kidogo kwamba asianze mpaka apate za kiwandani. Ninachosisitiza ni hiki: saruji isipungue moja kwa mchanga wawili, maji kidogo, trei yenye kina kilichopimwa kwa rula, waya ipachikwe zikiwa mbichi, kisha zilale ndani ya maji siku 7 au zaidi. Kabla ya kuzitumia, nasimama juu ya moja kwa kisigino. Ikipasuka, zote zinarudi. Za plastiki zinapatikana mjini na kwa nguzo zile za duara ni nzuri, mradi zisiwe zile nyepesi zinazolala chini ya uzito wa nondo.

Jambo dogo ambalo huharibu kazi nyingi za nguzo na boriti: kava hupimwa kutoka chuma cha nje kabisa, na chuma cha nje ni ringi. Mtu akipima kutoka nondo kubwa, anakuwa amekula milimita 8 au 10 za kinga bila kujua. Biskuti ifungwe kwenye ringi.

Mwalimu aliuliza, kwa haki, kama tunaweza kuacha slabu na kusimamisha nguzo mbili mbele yake. Lilikuwa wazo la kupunguza gharama. Nikamweleza kwamba balkoni ikishikwa na nguzo mbele, namna yake ya kubeba inabadilika: sasa nondo za chini ndizo zinazovutwa, na hizo ndizo kutu imezila. Kuziba viraka chini nako kusingetosha. Mbali na nondo za juu kuwa mahali pasipo pake, kiraka kipya katika zege lenye chumvi huwa na tabia ya kuhamishia kutu pembezoni mwake. Nondo ndani ya kiraka inatulia, iliyo nje yake inaanza kuoza. Mafundi wale wawili wa plasta huenda walifukuza ugonjwa kutoka mahali hadi mahali.

Tulibomoa balkoni na kuziacha nondo za juu zikiwa zimechomoza kutoka kwenye boriti ya ukuta. Kwa kuwa zilikuwa nzima, zilinyanyuliwa na kurudishwa kwenye kimo chake, zikaongezewa nyingine za milimita 12 zilizopishana nazo kwa milimita 600. Slabu mpya ina unene wa 175, ongezeko likashuka upande wa chini. Kava ni 45 chini na pembeni, 40 juu. Viti vya nondo vilikatwa na kukunjwa kwa kimo cha milimita 48, vikasimama juu ya nondo za chini na wala si juu ya shata, kimoja kila nusu mita. Kwa nondo za chini za milimita 10 tulifuata kanuni ya mara 50 ya kipenyo, yaani biskuti kila milimita 500, mistari ikipishana ili zisijipange kwenye mstari mmoja wa udhaifu. Balkoni yote ni mita za mraba 9. Zikaingia biskuti zisizofika 60 pamoja na za pembeni. Ndoo moja, na ikabaki nafasi.

Katika mkataba mpya biskuti na viti vina mstari wao wenye bei, na fundi wa nondo, yuleyule, analipwa sehemu ya mwisho ya fedha zake baada ya nondo kukaguliwa na yeye mwenyewe kubaki kazini mpaka zege liishe. Alikubali bila ubishi. Siku ya kumwaga tuliweka mbao za kupitia toroli zilizoegemea juu ya shata, mbali na wavu. Vijana walinung'unika kidogo asubuhi, baadaye wakasema ni rahisi kusukuma juu ya mbao kuliko juu ya nondo.

Shata ilipotolewa, kabla plasta haijagusa chochote, nilipita tena na kifaa. Chini yote ilisoma kati ya 42 na 49. Pembeni kusini, karibu na ukuta, palisoma 36, na fundi akakumbuka kwamba waya wa biskuti moja ulikatika wakati wa kumwaga na akaipachika upya kwa haraka. Tulipaweka alama kwenye mchoro, ukarudi kwenye bahasha ya Mwalimu, ili anayekuja kupima siku zijazo aanzie hapo.